Redio Isiyojua Kuamkia

Nzuguni, Dodoma
9 Juni 2024

Kwako mdogo wangu Elisante,

Pokea salamu za nyumba nzima: Mama, shemeji yako Ludovick, watoto, na hata jogoo wa jirani anayetuamsha kabla ya wakati. Sote wazima. Upepo wa Dodoma umeshaanza kazi yake. Unafagia uani asubuhi, ikifika saa nne utadhani nyumba haina ufagio. Kijijini Haneti mtama umetoka kiasi, uwele ndio umekuwa mzuri. Mjomba amebaki na mbuzi wa Mama na ametuma neno kwamba wanazaa vizuri.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu ya kwanza ni Mama. Nikikupigia ananyoosha mkono, "nipe nimsalimie," na simu ikishafika kwake hairudi mpaka salio limekwisha. Sababu ya pili ni wewe. Mtandao wa huko kambini huwa mzuri kabisa mpaka nikuulize utakuja lini. Hapo ndipo unapoanza kukatika. Barua haikatiki. Nitaipa basi la Mpanda, gari lenu la mahitaji litaichukua kwa wakala.

Sasa sikiliza. Jicho la kulia la Mama limefanyiwa upasuaji, mtoto wa jicho ametolewa, na Mungu ashukuriwe, anaona. Kitu cha kwanza kuniambia ni kwamba nimenenepa. Daktari anataka jicho la kushoto nalo lifanyiwe mwaka huu huu, maana likicheleweshwa zaidi kazi itakuwa ngumu. Mama amekataa. Amesema la pili mpaka Elisante aje. Nimembembeleza, Ludovick amembembeleza, mchungaji amekuja, akabembeleza, akanywa chai, akaondoka. Msimamo ni ule ule. Tangu msiba wa baba mdogo hujakanyaga hapa, na yeye hajasahau.

Wakati huo huo anashinda peke yake. Mimi natoka mapema kwenda ofisini Mtumba, Ludovick shuleni, watoto wanarudi jioni. Ludovick alimletea kile kisanduku cha kuunganisha na TV, kina sinema, nyimbo, mahubiri, kila kitu. Mama alikipenda sana. Alikipenda hivi kwamba alikifunika na kitambaa cha kufuma, chenyewe na TV yake, akawa anabonyeza rimoti juu ya kitambaa siku nzima, haisikii. Rimoti yenyewe bado iko ndani ya nailoni yake, isije ikachafuka. Na hata TV ilipofunuliwa, ile picha inamtoa machozi kwenye lile jicho bichi.

Wewe ndiye fundi redio wa hifadhi nzima. Tuambie tumnunulie kitu gani ambacho mama yako anaweza kukitumia bila sisi. Na usinijibu hilo tu ukaacha lile jingine.

Dada yako,
Elieth


Kambini, Mpanda
28 Juni 2024

Dada yangu Elieth,

Shikamoo. Barua yako ilisafiri na magunia ya mchele ikafika inanukia vizuri. Nimefurahi sana kusikia Mama anaona. Nilisoma hapo penye "nimenenepa" nikacheka peke yangu mpaka mpishi akaja kuniangalia. Huku tu wazima. Kiangazi kimekaza, mto umebaki madimbwi, viboko wanagombania matope kama watu kwenye foleni. Mimi nashinda juu ya minara, redio za mawasiliano zinakufa kwa vumbi.

Kuhusu kifaa. Hicho kisanduku kiondoe, mpe Ludovick aangalie mpira. Simu janja pia usimnunulie, atagusa pasipohitajika atajikuta anaongea na mtu wa Kigoma. Chukua redio ndogo ya memori, ile ya mkono, ya kuchaji. Usitazame ipi ina taa nyingi. Tazama ipi ina vitufe vikubwa vya kubonyea, vinavyoingia ndani na kutoka. Ukifika nayo nyumbani, gundisha punje ya hindi kwenye kitufe cha kuwashia na punje ya mtama kwenye kitufe cha sauti. Vingine vyote vifunike kwa solatepu, asivijue kabisa. Mama amepepeta nafaka tangu msichana, vidole vyake vitapata punje hata macho yakiwa yamefumba. Halafu usimfundishe mambo mengi. Mwambie tu: hindi ndilo mlango.

Kuhusu kuja, kiangazi ndio msimu wa wageni huku, ruhusa ni ngumu. Tutaona.

Kitu kingine kidogo. Wanao walipoanza kuota meno, mliwapa nini? Kuna jirani yangu hapa kambini anauliza.

Mdogo wako,
Elisante


Nzuguni, Dodoma
21 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Ludovick anakushukuru kwa kisanduku, sasa hatumpati hata kwa chakula cha jioni. Mwambie jirani yako asimpe mtoto dawa za kubahatisha. Ampe kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi atafune, na joto likipanda ampeleke zahanati. Jirani huyo hana mama wala dada wa kumuuliza?

"Tutaona" yako nimeisoma. Mama ameniomba nimsomee barua yote, nikafika hapo nikakohoa nikapita. Usinifanye nikohoe tena.

Nilikwenda mjini, Barabara ya Sita, kwenye duka la Shenaz. Sijui kama unamkumbuka, yule mama wa Kihindi anayevaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Nikamwambia nataka ya mzee, iwe rahisi. Vijana wake wakaanza kunishushia redio kubwa zenye taa za disko. Shenaz akawafukuza.

"Mimi mama yangu Jenabai nilimnunulia ghali kuliko yote dukani," akasema. "Unajua anaifanyia nini? Ameegemezea picha za wajukuu. Lete mkono wako, funga macho, bonyeza hii. Umesikia imeingia? Sasa hii nyingine. Haina kitu, eti? Basi chukua ya kwanza, acha uzuri."

Nikachukua. Nikagundisha hindi na mtama kama ulivyosema, Mama akapapasa mara moja akapata. Kumbe fundi si mjinga. Akabonyeza hindi. Elisante, ikatoka sauti ya mwanamke, kali, Kiingereza kitupu, kama mtu anayemfokea karani. Mama akaruka. Akauliza, "Nani huyo kaingia bila hodi?"

Nikamweleza ni mashine inasema imewaka. Akasema, "Ni binti mdogo huyo, sauti inasikika. Anamkuta mtu mzima amekaa, hasemi shikamoo, hasemi mbukwenyi ya Kigogo, anaanza kutoa amri. Mimi siwezi kukaa ndani na mtu wa namna hiyo."

Nilicheka, nikadhani na yeye atacheka. Hakucheka. Akaizima, akaiweka juu ya kabati, akaigeuzia ukutani. Mpaka leo iko hapo, imepewa adhabu.

Nilimsimulia Shenaz, siku ya pili huyo hapa mlangoni na bakuli la tambi. Akabisha hodi, akasubiri, akaitikiwa, akaingia akainama kabisa: "Shikamoo Mama." Walikaa mpaka alasiri wanazungumza habari za magoti. Alipoondoka Mama akasema, "Huyu ana adabu kuliko mashine anayoiuza." Sasa ni marafiki. Juzi Mama alimtumia mlenda mkavu, Shenaz akapiga simu kuuliza unapikwaje.

Kwa hiyo shauri ni lako. Mama anashinda kimya tena. Nikirudi namkuta amekaa pale pale nilipomwacha, amegeukia geti. Inaniuma, Elisante. Nikimuuliza anafikiri nini anasema, "Nahesabu mbuzi." Wakati mbuzi wako Haneti.

Elieth


Kambini, Mpanda
16 Agosti 2024

Dada Elieth,

Shikamoo tena, na asante kwa ushauri wa meno. Jirani amefurahi sana, amesema umemwokoa.

Habari ya Mama na yule mwanamke wa Kiingereza nimeisimulia kambi nzima. Lakini nilipokaa nikafikiri, Mama ana haki. Hata mimi bosi akinikuta bila salamu siku yangu huharibika. Ile sauti siwezi kuitoa, imejengwa humo humo ndani ya chombo. Ila naweza kumpa yule mwanamke mtu wa kumfuata nyuma.

Ndani ya bahasha hii, kwenye kikaratasi cha sigara (si zangu, za dereva), kuna memori. Chomeka pembeni, upande wenye maandishi uangalie juu. Mashine ikimaliza kufoka, namba moja ni mimi. Nimemwamkia Mama kama inavyotakiwa, kwa Kigogo kwanza, halafu kwa Kiswahili, nimemuuliza habari za macho, za mbuzi, za wajukuu, na kila swali nimemwachia nafasi ya kujibu. Namba ya pili mpaka mwisho ni nyimbo: kwaya, ngoma za kina mama wa kwetu, zeze, na sura za Biblia. Nimezikusanya kwa watu wengi. Nimehangaika kurekodi ile salamu. Upepo, jenereta, ndege. Mwisho nilijifungia chumbani asubuhi mapema kabla kambi haijachangamka, ndiyo hiyo.

Mwambie Mama afanye lile jicho, dada. Asinisubiri mimi. Daktari hasubiri mtu.

Ndimi mdogo wako,
Elisante


Nzuguni, Dodoma
8 Septemba 2024

Elisante wetu,

Marahaba sana. Leo nina furaha, na utasoma mwandiko wangu unavyoruka.

Memori ilifika salama. Nilimwambia Mama, "Kaa, kuna mgeni wako." Akabonyeza hindi huku amekunja uso. Yule mwanamke akafoka. Mara ukaingia wewe: "Mbukwenyi, Mama." Mama akashika kanga kifuani. Akajibu! Ukauliza habari za macho, akakujibu yote, na habari za daktari, na uchungu wa yale matone. Ukauliza habari za mbuzi, akakutajia mmoja mmoja, mpaka ukaenda mbele yeye bado yuko kwenye majike. Akaniambia, "Mrudishe, hajasubiri nimalize." Nikakurudisha. Wanangu wamejificha nyuma ya mlango wanabana vicheko, mimi nimetoka nje kujifuta machozi.

Tangu siku ile redio imesamehewa. Kila asubuhi anaoga, anavaa, anafunga kilemba kabisa, ndipo anabonyeza hindi. Hataki umkute hajajiandaa. Hata yule mwanamke amepata cheo. Mama anasema kumbe si mkorofi, ni mlinzi tu wa getini anayemfungulia Elisante. Shenaz alipokuja aliketishwa naye akusikilize, na wewe ukasema shikamoo, na Shenaz akaitikia marahaba kama mama yako wa pili.

Ila kuna jambo. Ni namba moja tu. Nyimbo ulizohangaika kukusanya hajazigusa. Namba moja ikiisha anaizima, anakaa, anaiwasha tena. Wiki hizi ameanza kuiegemeza redio sikioni, anabonyeza mtama mpaka sauti inapasuka. Nikamwambia Mama utaharibu masikio nayo tuyapeleke hospitali. Akaniambia nikapike.

Halafu amenipa swali, ameagiza niliandike kama alivyolisema, nisiongeze neno. Anauliza: huko kambini kwenu mnafuga mbuzi?

Nikamuuliza kwa nini. Akasema andika tu.

Jicho bado. Nimejaribu tena. Amenijibu kwamba kukusikia si kukuona, na kwamba mimi nimesoma, nilipaswa kulijua hilo.

Dada yako anayekupenda hata ukiwa mkaidi,
Elieth


Kambini, Mpanda
4 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Pale alipofunga kilemba sikuweza kuendelea, nikaiweka chini, nikatoka nje. Waambie watoto wasimcheke bibi yao.

Mwambie Mama hapa ni hifadhi, mbuzi haruhusiwi hata kupita barabarani amefungwa kwenye gari. Mbwa hakuna, ng'ombe hakuna. Mpishi alileta kuku akaambiwa aamue kati ya kuku na kazi. Kwa hiyo hakuna mbuzi kabisa, wa karibu wako vijijini, mbali, huwezi kuwasikia. Kwani anataka kunitumia mmoja? Namjua Mama, asije akampakia mbuzi kwenye basi kwa jina langu.

Mvua zinakuja, nimeona mawingu upande wa ziwa. Jirani yangu anakusalimu, yule wa meno. Sasa yametoka manne.

Kuhusu kuja, dada, sina la kukuambia leo ambalo litakutosha. Si kwamba sitaki. Nakuomba uamini hilo kwanza, mengine yatafuata.

Elisante


Nzuguni, Dodoma
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Elisante,

Salamu zipo, nyingi, na sote wazima, joto limepanda, mwembe wa jirani umezaa na watoto wanaiba kwa zamu. Leo sitakawia hapo.

Ilikuwa jana, Jumamosi, nimerudi sokoni. Mama akaniambia, "Nisomee alichosema kuhusu mbuzi." Nikamsomea, mbuzi haruhusiwi hata kupita. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali, lakini mazuri. Akasema, "Niletee redio. Kaa hapa. Zima hilo jiko."

Akabonyeza hindi, akashikilia mtama mpaka mwisho. Umesalimia, umeuliza macho, umeuliza mbuzi, umeuliza wajukuu. Mimi nasikia wewe tu, kama siku zote. Ukanyamaza ile nafasi ya kujibiwa. Mama akaniinulia kidole. Na hapo hapo, mbali, nyuma ya mlango, kitu kikalia. Kidogo sana. Kikanyamaza. Kikalia tena. Halafu mtu akafanya "shii", na wewe ukaendelea kwa haraka, "haya Mama, nakutakia siku njema."

Nikamwambia, "Mama, ni kimbuzi hicho."

Elisante, nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Na mimi nilisema hivyo. Ndiyo maana nikakutuma uulize, nisije nikamsingizia mwanangu. Lakini mimi nimechunga tangu sijajua kujifunga nguo. Mwana-mbuzi akilia, analia tu, hajali. Huyu analia, ananyamaza asikie kama kuna anayekuja, ndipo analia tena. Na sasa amesema mwenyewe mbuzi hakuna. Basi kama si mbuzi, huyo ni mjukuu wangu."

Nilikaa sakafuni. Nikaanza kukumbuka jirani, na meno, na kitambaa cha maji baridi, na "yametoka manne". Mimi nina shahada, nimekaa na barua zako kwenye mkoba miezi yote hii, na mama yako mwenye jicho moja amekupata kwa sikio. Jirani! Ngoja nikutie mikononi.

Nilidhani Mama atakasirika. Nilijiandaa kabisa na maneno ya kukutetea. Aliizima redio, akauliza, "Mama yake anaitwa nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Uliza. Nisije nikamwita 'wewe' siku ya kwanza." Baadaye akasema, "Kumbe anaogopa. Aliogopa habari za Loisi, yule binti niliyetaka amwoe, si ndiyo?" Nikamkumbusha Loisi alishaolewa Kongwa na ana watoto wawili. Akasema, "Najua. Nilikula ubwabwa wa harusi yake. Nani alimwambia huyu kijana kwamba mimi bado nasubiri?"

Hakuna aliyekuambia, mdogo wangu. Ulijiambia mwenyewe, juu ya mnara huko, na viboko wako.

Sasa pokea maagizo ya Mama. La kwanza, usitume memori nyingine; salamu za mashine zimetosha. La pili, kama shida ni kwenda kwa wazazi wa binti, ng'ombe wapo Haneti na mjomba ana miguu. La tatu linanifanya nilie kila ninapolikumbuka. Asubuhi ya leo, tumetoka kanisani, Mama akaniambia kesho tupitie hospitali tukachukue siku ya jicho. Nikamuuliza, "Si ulisema mpaka Elisante aje?" Akasema, "Elisante namjua sura. Huyo mwingine sijamwona hata siku moja. Nataka nimwone kwa macho yote mawili."

Jibu upesi. Na uandike jina la mke wako vizuri, Mama atalisoma mwenyewe.

Elieth


Kambini, Mpanda
15 Novemba 2024

Dada yangu Elieth,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake kwanza kabla hujaendelea kusoma. Ya mdomo, si ya mashine.

Nilisoma barua yako ndani ya gari, dereva akadhani kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni kinyume. Nikampelekea Mwantum akaisoma mwenyewe. Alipofika kwa kile kidole cha Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Yeye ndiye aliyefanya "shii". Anasema tangu siku ile alinionya kwamba mtoto amesikika, mimi nikamwambia Mama ni mzee, hawezi kusikia. Sasa kila nikisema neno ananikumbusha.

Anaitwa Mwantum. Ni mtu wa Tabora, alikuwa fundi cherehani Mpanda mjini kabla hajahamia kwangu kambini, nilimpelekea sare za kazi zishonwe nikawa nazichana makusudi ili nirudi. Mtoto ni wa kike, anaitwa Nasra. Ana miguu mirefu ya kwetu na sauti, kama mlivyosikia, haizuiliki.

Dada, kuna jambo nilipaswa kuliandika kabla ya yote na mkono umelikwepa barua nzima. Mwantum ni Mwislamu. Loisi nilimtumia kama kisingizio hata kwangu mwenyewe. Lililokuwa linanifunga ni hili. Mama ni wa Umoja wa Akina Mama tangu sijazaliwa. Nikawa nawaza atakavyokaa kanisani, atakavyoulizwa. Kisha nikawa nasoma barua zako, Shenaz, Mwislamu mwenzake, na tambi zake, Shenaz na mlenda, Shenaz anaitikia shikamoo yangu. Kila ukimtaja nilikuwa namsomea Mwantum sehemu hiyo peke yake. Sitaki kumficha Mama kitu tena. Msomee hapa, usikohoe.

Wazazi wa Mwantum wanajua, wamenivumilia, na wanasubiri watu wa kwetu. Nimeomba ruhusa, nimepewa. Tutafika wiki ya pili ya Desemba, sote watatu, tukipitia kwao Tabora.

Kitu kimoja cha mwisho. Nasra ameanza maneno. Mwantum anamfundisha moja tu, asubuhi na jioni, tangu tupate barua yako. Anamwekea mkono kichwani, anamwambia, "Sema shikamoo Bibi." Anachosema ni "kamoo". Mwambie Mama avumilie.

Wenu,
Elisante, Mwantum na Nasra


Nzuguni, Dodoma
1 Desemba 2024

Wapenzi wangu watatu,

Marahaba, marahaba, na karibuni. Mvua imenyesha juzi, Nzuguni yote inanuka udongo, kumbikumbi wameingia mpaka kwenye sukari.

Jicho limefanyika na bandeji imetolewa. Anaona. Safari hii amemwambia Ludovick ana mvi.

Barua nilimsomea yote, sikukohoa. Nilipofika kwenye lile jambo nilipunguza mwendo, nikasoma neno baada ya neno. Ludovick naye amesimama mlangoni, amesahau mpira wake. Mama akatazama nje, akatazama redio, akanitazama mimi.

Akauliza, "Huyo Mwantum, anakula mlenda?"

Nikasema Mama, sijui. Akasema, "Shenaz alijifunza. Huyu naye atajifunza." Akaniomba nimpigie Shenaz aje kumweleza nyama itachinjwa na nani ili mkwe ale bila wasiwasi. Wamekaa mchana mzima wanapanga, mimi sikuulizwa kitu. Nilimwuliza Mama pembeni, na kanisani je? Akasema wakimuuliza atawaonyesha mtoto.

Redio ameifunika na kitambaa cha kufuma, kile kizuri cheupe. Nilidhani imechoka betri. Akasema hapana, ipumzike, wenyewe wanakuja. Hindi bado limeshika, panya hajaligusa.

Leo asubuhi nimepita mlangoni kwake nikasikia anaongea. Nikachungulia. Redio imezimwa, imefunikwa, na Mama amekaa kitandani, amefunga kilemba chake, ameinama kidogo kama mbele yake kuna mtu mfupi sana.

"Marahaba, mjukuu wangu," anasema. Akatulia, akajiweka sawa, akasema tena kwa sauti ya chini zaidi, asije akamtisha mtoto.

Dada yenu,
Elieth